Habari za Nuru na Kivuli katika Picha za Sura za Dar es Salaam

Mtu aliyeingia katika studio ya picha mjini Dar es Salaam katika miaka ya 1950, akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, au suti na tai, au gauni jipya lililoshonwa kwa ajili ya sikukuu, alikuwa amekwisha kuitimiza nusu ya kazi ya mpiga picha kabla taa haijawashwa; maana alikuja na nia yake, akijua ni nani atakayepelekewa picha ile, mama aliyeko Kilwa au mchumba aliyeko Tabora, na akijua ni hali gani ya nafsi yake aipendayo ionekane na ni ipi ambayo ni afadhali isitiriwe. Nusu ya pili ilikuwa ya fundi, ambaye hakuwa na rangi ya kumsaidia, bali weupe, weusi, na daraja za kijivu zilizo baina yao, na kwa hizo tu ilimpasa kuidhihirisha haiba ya mtu. Historia ya picha za sura katika mji huu, kwa maoni yangu, ni historia ya mashauri baina ya nusu hizo mbili, na vilevile ni historia ya muda mrefu ambapo mashauri hayakuwapo, kwa kuwa aliyepigwa picha hakuulizwa neno.

Sanaa yenyewe ilitangazwa Paris mwaka 1839, na haikukawia kuvuka bahari. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyefuatana na John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chimbuko la Mto Nile, alipiga picha mjini Unguja, kisha walipoingia bara akaiacha kamera na kushika penseli na rangi za maji, kwa kuwa vioo vya kunasia picha na dawa za zama zile havikuwa mzigo wa safari ya miguu. Miongoni mwa watu wa mwanzo wa pwani hii walioielewa kamera kuwa ni chombo cha kutimizia azma ya aliye mbele yake ni watu wa nyumba ya kifalme ya Unguja. Sayyida Salme binti Said, aliyeondoka Unguja kwa siri mwaka 1866 akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kuitwa Emily Ruete, alikaa mbele ya kamera mjini Hamburg akiwa amejipamba kwa mavazi ya kwao, na picha ile ingali maarufu hata leo: mwanamke aliyekwisha kubatizwa, akaaye ugenini miongoni mwa watu wasiomjua, anajitangaza kwa vazi lake kuwa binti wa Sultani. Ndugu yake, Sayyid Barghash, alipozuru Uingereza mwaka 1875, naye alipigwa picha London kwa taadhima ya mtawala. Wawili hao walikuwa na fedha, cheo na ikhtiari; na picha ya sura, tangu siku ile hadi leo, hudai angalau moja katika hayo matatu.

Mjini Unguja biashara ya picha ilishikwa kwanza na Wagoa, akina A. C. Gomes, ndugu Coutinho na A. R. P. de Lord, ambao waliuza picha za sura kwa wenyeji na postikadi kwa wasafiri wa meli, na baadaye akaingia Ranchhod Oza, aliyekuja kutoka Bara Hindi, akafanya kazi kwa Gomes, kisha akafungua Capital Art Studio mwaka 1930. Nawataja hawa wa kisiwani kwa sababu Dar es Salaam, katika mambo ya sanaa na starehe, ilikuwa kwa muda mrefu ikiitazama Unguja kabla ya kujitazama yenyewe.

Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na wapiga picha wake, na wawili wanajulikana zaidi kwa sababu kazi zao zilichapishwa kuwa postikadi: Carl Vincenti, na baada yake Walther Dobbertin, ambaye alifanya kazi katika koloni hili tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi siku za Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1932 akatoa Ujerumani kitabu cha picha za askari wa Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani katika vita hivyo. Postikadi za zama hizo zilibeba maelezo ya kabila au ya kazi pasipo jina: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, askari, boi. Mtu husimama juani, aghalabu jua likiwa limekwisha kupanda, akikabiliwa na lenzi waziwazi. Nuru huangaza kila kitu kwa usawa, ngozi, shanga, na ukili wa mkeka, na kwa kuwa kila kitu kimeangazwa sawasawa hakuna kilichochaguliwa. Nuru ya namna hii huwafaa wenye kuhesabu na kuainisha. Sitaki kumdhulumu Dobbertin, ambaye alikuwa fundi hodari, na baadhi ya picha zake za askari zina utulivu na uzito wa sanaa ya kweli. Lakini hata katika zile zilizo bora, shauri la nani aonekane vipi lilikuwa limekwisha kukatwa kabla askari hajaitwa kusimama.

Hapa yafaa kusema habari za jua lenyewe, maana wengi huandika juu ya wapiga picha na kulisahau. Vitabu vya Ulaya vilifundisha kwamba studio njema ni ile yenye dirisha kubwa lielekealo kaskazini, kwani kule jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini hupokea nuru laini ya mbingu pasipo mwali kuingia. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta: tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na katika miezi iliyosalia hupita kusini, na mara mbili kwa mwaka husimama utosini kabisa. Basi kanuni ya dirisha la kaskazini hapa haikufaa, wala kuigeuza tu kuwa dirisha la kusini hakukutosha, kwa sababu hakuna upande ulio salama miezi yote 12. Mpiga picha aliyetegemea nuru ya mchana alilazimika kutia pazia la bafta, kufungua dirisha hili na kufunga lile kwa kufuata majira, na kuwataka wateja waje asubuhi au baada ya alasiri. Maana jua la utosi huyafanya macho kuwa mashimo mawili meusi chini ya paji la uso, na hakuna mama aliyeko Kilwa ambaye angefurahi kuletewa mwanawe katika hali hiyo.

Kisha kuna habari ya ngozi, ambayo ndiyo kiini cha jambo lote. Mafunzo ya Ulaya juu ya picha za sura yalirithiwa kutoka kwa wachoraji, na wachoraji wale walijenga uso kwa kivuli: uso mweupe huachiwa nuru, kisha kivuli cha pua, cha shavu na cha kidevu huupa umbo. Uso mweusi hutaka kinyume chake. Kivuli juu ya ngozi iliyo nyeusi huongeza weusi juu ya weusi na kuzamisha umbo badala ya kulifichua, na linaloonyesha mfupa wa shavu, mteremko wa pua na mviringo wa paji ni mng'ao, ile nuru irudishwayo na ngozi yenyewe pale inapopinda. Fundi aliyejua hayo aliiweka taa yake kubwa pembeni, mbali kidogo, na pana kadiri ilivyowezekana, ili mng'ao uenee usiwe nukta kali, na wengine hawakuona haya kumwambia mteja apake mafuta ya nazi kidogo kabla ya kukaa kitini. Fundi asiyejua alimwagia mteja taa moja ya mbele, na mteja akarudishiwa karatasi yenye macho, meno na kola.

Vifaa vyenyewe viliongeza taabu. Vioo na filamu za mwanzo, ambavyo hutegemea chumvi za fedha, havikuuona wekundu, bali vilihisi zaidi buluu. Kwa hiyo ngozi yenye hudhurungi na wekundu ndani yake ilitoka nyeusi kuliko ilivyo kwa macho ya watu. Filamu za pankromatiki, zenye kuona rangi zote, zilipoenea katika miaka ya 1920 na 1930, uso wa Mwafrika ulipata kwa mara ya kwanza zile daraja za kijivu ambazo ulikuwa ukinyimwa. Gharama yake ikawa kwamba fundi aliyezoea kusafisha filamu akiiangalia chini ya taa nyekundu sasa ilimbidi afanye kazi hiyo gizani kabisa, kwa kuhesabu na kwa kupapasa, akibakiza taa nyekundu kwa ajili ya karatasi tu.

Adui wa pili alikuwa kanzu. Kanzu nyeupe na uso mweusi ndani ya fremu moja ni mtihani ambao filamu huushindwa kwa tabia yake: ukiipimia nuru kanzu, uso huzama, ukiupimia uso, kanzu huwa wingu lisilo na mshono wala mkunjo. Mafundi waliupita mtihani huu katika chumba cha giza, wakati wa kuchapa, kwa kuuzuilia uso nuru kwa kiganja au kwa kipande cha karatasi ngumu kilichofungwa kwenye waya, wakikitikisa daima ili kisiache alama, kisha wakiiacha kanzu ipate nuru zaidi hadi darizi ya shingoni itokee. Kazi hiyo ilirudiwa kwa kila nakala, kwa mkono, na ndiyo sababu nakala mbili za picha moja ya zamani hazifanani kamwe. Buibui lilitaka hila nyingine, maana lenyewe humeza nuru yote na kuuacha uso ukielea; fundi mwema aliweka taa ndogo nyuma ya bega, ikachora mstari mwembamba ukingoni, na mwanamke akapata mabega yake.

Taa, hata hivyo, zinataka umeme, na umeme ulifuata ramani ya watawala. Uliingia Dar es Salaam mwaka 1908, chini ya Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na makazi ya wakubwa. Makampuni ya umeme ya DARESCO na TANESCO yakaundwa mwaka 1931 chini ya Waingereza. Mji ulikuwa umegawanywa sehemu tatu, Uzunguni, Uhindini na Kariakoo, na kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa wazi baina ya Uhindini na Kariakoo ili watu wasichanganyike. Soko la Kariakoo, ambalo jengo lake la kwanza lilisimamishwa na Wajerumani na kutumiwa na Waingereza wakati wa vita kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, lilianza kazi ya soko mwaka 1923, na mitaa iliyonyoka ikajaa nyumba za Waswahili, Wazaramo, Wamanyema na wengine wengi. Lakini studio zenye taa, pazia lililochorwa nguzo na bustani, na meza ya maua ya karatasi, kwa sehemu kubwa zilikuwa ng'ambo ya pili, mikononi mwa Wahindi na Wagoa. Kwa hiyo kwenda kupigwa picha kulikuwa ni safari ya kuvuka Mnazi Mmoja na nguo za heshima, mchana, machoni pa watu.

Lakini si kila picha ilivuka kiwanja kile. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye baraza mbele, ukumbi uendao katikati baina ya vyumba, na ua nyuma, ni studio bora kuliko nyingi zilizojengwa kwa makusudi, ingawa waliojenga hawakukusudia hilo. Mchanga wa mtaani hupokea jua na kulirudisha chini ya upenu, ukamwangaza aliyeketi barazani kutoka mbele na chini, kwa upole, pasipo mwali mmoja kumgusa. Na mlango ulio nyuma yake ukiachwa wazi, giza la ukumbi huwa pazia jeusi. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948 na ambaye majumba ya sanaa ya Ulaya yalimgundua baada ya miaka zaidi ya 40, alifanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, uani, kwa nuru ya mchana na kitambaa kilichotundikwa nyuma ya wateja. Sioni sababu ya kuistaajabia Bamako na kuipita Kariakoo, isipokuwa kwamba nega za Keïta zilihifadhiwa pamoja na jina lake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ladha ilibadilika, na aliyeibadilisha alikuwa sinema. Katika majumba ya Avalon, Empire na Odeon watu wa mji huu walizitazama filamu za Bombay kwa shauku isiyo kifani, na Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa pwani nzima; mpiga picha wake, Radhu Karmakar, alikuwa bingwa wa kuwaweka watu baina ya giza nene na nuru ya upande mmoja. Vijana walioitazama walitaka waonekane vivyo hivyo, bega mbele, uso umegeuzwa robo, macho yakitazama mahali pasipo kamera, na studio zikawatii. Mombasa, katika studio ya N. V. Parekh, mtindo huu ulifikia kiwango cha juu sana, nusu ya uso ikiachwa gizani kwa ujasiri ambao fundi wa miaka ya 1920 angeuhesabu kuwa ni kosa. Hapo kivuli kilipata kazi mpya. Mwanzo kilikuwa hasara ya kuepukwa. Sasa kikawa pambo, na zaidi ya pambo, kikawa namna ya kusema kwamba mtu huyu ana mambo ya moyoni ambayo hakuja kuyauza.

Wanasiasa walitaka kinyume. Picha ya pamoja ya waasisi wa TANU, chama cha kudai uhuru kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba, haina kivuli cha mapambo: ni watu waliokaa na kusimama safu kwa safu, kila uso ukisomeka, kwa utaratibu uleule uliotumiwa na klabu za mpira za mji huu, Yanga ya mwaka 1935 na mwenziwe wa mwaka 1936 anayeitwa leo Simba. Katika picha ya namna hiyo cheo kinasemwa na kiti, wala hakisemwi na taa. Aliye katikati ni mkubwa, na aliye nyuma pembeni, pengine ndiye aliyekodi viti. Picha za magazeti zilileta baadaye mwendo na vumbi, kama ile ya mwaka 1961 ya Mwalimu Nyerere akiwa amebebwa mabegani na bango la uhuru kamili mkononi, na Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni ya picha ya Camerapix mjini hapa mwaka 1963, akaifanya kazi hiyo kuwa biashara ya dunia. Lakini hiyo ni fani nyingine, ambayo haina subira ya kumngoja mtu ajipange.

Serikali huru nayo ilikuwa na maoni juu ya sura za raia. Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana mnamo Oktoba 1968, ya kupiga marufuku nguo fupi, mawigi, na suruali za kubana kuanzia tarehe 1 Januari 1969, wasichana walishambuliwa hadharani hata hapa Kariakoo. Studio ilikuwa chumba chenye mlango. Vazi ambalo mtaani lingemletea msichana matusi aliweza kulivaa nyuma ya pazia kwa dakika chache, akasimama mbele ya taa, akapata ushahidi wa nafsi aliyoitaka, kisha akajifunga khanga na kurudi nyumbani. Albamu za miaka ile, kwa hiyo, si kumbukumbu ya jinsi watu walivyovaa. Ni kumbukumbu ya jinsi walivyotaka kuvaa, na mwanahistoria anayezichukulia kuwa ni picha za mtaa atakosea sana.

Dini ilikuwa na la kusema pia, ingawa kwa sauti ya chini kuliko wageni wadhanivyo. Masheikh walihitilafiana juu ya taswira: wako walioiona picha ya kamera kuwa sawa na sanamu iliyokatazwa, na wako waliosema kwamba mtu hakuiumba bali nuru imejichora yenyewe, kama sura ya mtu kiooni. Nyumba nyingi zilipata suluhu ya kiutu: picha ya baba au ya sheikh ilitundikwa sebuleni, picha za wanawake zikakaa ndani ya albamu, na albamu ikakaa kabatini, ikitolewa kwa wageni wa kike. Staha haikuikataa kamera. Iliamua tu ni nani atakayetazama.

Katika miaka ya 1980 na 1990 mashine za kusafisha filamu za rangi zilienea, zikachapa kwa saa moja kile ambacho fundi alikichapa kwa siku tatu, na chumba cha giza kikageuzwa stoo. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, maana khanga bila rangi ni nusu ya khanga. Lakini filamu zile na mashine zile zilipimwa Ulaya na Marekani kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na marekebisho ya maana ya filamu kwa rangi za giza yalikuja baada ya malalamiko ya wafanyabiashara wa chokoleti na samani. Kwa muda wa miaka mingi, basi, uso wa mtu wa Dar es Salaam ulirudi kule ulikokuwa wakati wa vioo vya buluu, na ujuzi wa mafuta ya nazi, bafta na kiganja mbele ya taa, ambao ungeweza kuuokoa, ulikuwa umestaafishwa pamoja na wenyewe.

Zimebaki karatasi. Hewa ya bahari na unyevu wa masika huzila, hasa zile ambazo fundi mwenye haraka hakuzisuuza vya kutosha, na kinachofifia kwanza ni sehemu nyepesi, yaani darizi na mikunjo ya ile kanzu iliyosumbuliwa sana. Picha nyingi za Dobbertin ziko Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, zimetiwa namba na kutunzwa kwa ubaridi, na tangu mwaka 2008 zimewekwa kwenye intaneti kwa yeyote anayezitaka. Kwa hiyo mwanafunzi wa leo aweza kumwona kwa dakika moja askari asiye na jina wa mwaka 1914; lakini akitaka kumwona karani wa Kariakoo wa mwaka 1955, ambaye jina lake limeandikwa kwa wino nyuma ya picha, hana budi kwenda mtaani na kubisha hodi.